Orodha ya Wenye Makaburi

Jumatano, mwezi wa Shaabani. Mvua ya masika ilianza alfajiri. Sasa ni baada ya alasiri, imepungua, lakini makuti bado yanadondosha maji.

Nina hasira. Nimeanza na neno hilo kwa sababu nikianza na jingine nitakuwa naongopa, na daftari hili nilijiahidi kwamba sitaliongopea. Tangu nirudi nyumbani nimeosha bakuli mbili nikavunja moja. Nimemfokea kuku aliyeingia ukumbini kukimbia mvua kama kila kuku anavyofanya. Sasa nimekaa mkekani, na mwandiko wangu, ambao sista wa misheni aliusifu nilipokuwa mwari, unakwenda upande kama wa mtoto.

Acha nianze jana, maana ya leo hayaelezeki bila ya jana.

Jana kamati ya mtaa wetu ilikaa barazani kwa Mzee Kombo, mwenyekiti. Serikali imesema mji utakuwa na halmashauri, na safari hii wajumbe hawatateuliwa na bwana shauri, Mwingereza wa bomani. Watachaguliwa na watu wenyewe, kila mtaa na mjumbe wake. Ni jambo jema na tumelingoja. Ila kuhusu nani atapiga kura, bwana shauri amewaachia wazee wa mitaa waandike orodha, akawaambia tu waandike "wakazi wa haki." Mkazi wa haki ni yupi, hakueleza. Alipanda gari lake akarudi bomani, akatuachia sisi kwa sisi tutoane macho.

Sisi wanawake tulikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, tukichemsha kahawa. Tulisikia kila neno. Kuhusu sisi hawakubishana hata kidogo, hatukutajwa kwa heri wala kwa shari. Wageni angalau walijadiliwa.

Ubishi ulikuwa juu ya watu wa kuja. Wapo wengi mjini. Wapo Wahindi wenye maduka, Washihiri wauza kahawa, Wanyamwezi walioshuka na misafara zamani za babu zetu, na Wamakua waliotoka upande wa Mreno. Je, mtu ambaye serikali yake si hii, gavana wake yuko kwingine, apige kura hapa?

Mume wangu Amuri ni Mmakua. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akaja kijana kukata mkonge, mkataba ulipokwisha hakurudi. Ana miaka thelathini katika mji huu. Ni fundi wa visima, na kwa kuwa anajua kuchimba, mtu akifa mtaani petu yeye ndiye huitwa mapema kuliko hata maalimu. Amechimba kaburi la mama yangu. Amechimba kaburi la mke wa kwanza wa Mzee Kombo. Amechimba la mwanetu wa kwanza kwa mikono yake mwenyewe, hakutaka kusaidiwa.

Na kura anaitaka, sitaficha. Mstari wa barabara mpya ya kwenda soko la samaki umepita katikati ya nyumba saba za Wamakua hapa bondeni, yetu ikiwa ya tatu. Halmashauri ndiyo itakayoamua nyumba hizi zivunjwe au barabara ipindwe. Kwa hiyo mjumbe wa mtaa huu ni jambo la paa lililo juu ya kichwa changu saa hii ninapoandika.

Mzee Kombo alisema neno moja ambalo lina maana, nami namwandikia haki yake. Alisema wenye mashamba ya mkonge wana vibarua mamia, na wakiruhusiwa wote, bwana wa shamba atawapakia kwenye malori awaambie wamchague nani. Kweli. Hata mimi nyuma ya pazia nilitikisa kichwa kukubali. Lakini alipoulizwa afanyeje mtu kama Amuri, ambaye hana bwana ila jembe lake, mzee alikohoa, akaomba kahawa.

Ndipo aliposimama ndugu yangu.

Shomari ni mdogo wangu, baba mmoja, mama mmoja. Nimembeba mgongoni. Yeye ndiye karani wa kamati, na kila mtu anajua anautaka ujumbe huo. Anajua pia kwamba nyumba saba za bondeni hazitampa, kwa sababu barabara ile ameisifu mpaka povu limemtoka.

Alisema, "Wazee wangu, mbona tunajisumbua? Mwenyeji ni yule ambaye babake amelala katika ardhi hii. Mwenye kaburi la babake hapa, aandikwe. Asiye nalo ni mgeni, hata akikaa miaka mia. Ardhi imtambue kwanza, ndipo na sisi tumtambue."

Barazani walipiga kelele za kumsifu. "Hapo! Hapo umesema, karani!" Maneno yalikuwa matamu, lazima nikubali. Ndugu yangu ana kinywa.

Na upuuzi wake ndio huu: Mhindi mwenye duka la vitambaa, ambaye nusu ya watu wa barazani walikuwa wanamlenga yeye, ana makaburi manne ya wazee wake katika mji huu, yamejengewa kwa chokaa. Huyo ameingia bila ya kupiga hodi. Aliyetolewa ni Amuri, aliyeyachimba makaburi yao wenyewe.

Kaburi la mama halihesabiwi. La mtoto halihesabiwi. Mtu mmoja aliuliza kwa sauti ya chini, "Na wale ambao baba zao walichukuliwa upagazi wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, hawakurudi?" Shomari alijibu hata kabla hajamaliza, kwamba sheria ni sheria, na ukianza kumhurumia huyu utamhurumia na yule. Hapo Bi. Tausi, jirani yangu, tuliyekuwa naye kwenye seredani, jiko la mkaa la kahawa, alinishika mkono. Babake alichukuliwa siku moja pamoja na wenziwe kumi na mmoja wa mtaa wao. Hakurudi hata mmoja. "Basi kaka yangu naye ni mgeni?" akaninong'oneza. "Sisi ambao tumezaliwa hapa hapa, sisi na babu zetu?"

Nilikuwa namwaga kahawa nje ya kikombe.

Kwa sababu mimi najua jambo ambalo Bi. Tausi halijui, Mzee Kombo halijui, na Shomari halijui. Nimelibeba miaka karibu arobaini. Sijapata kuliandika hata humu.

Baba yetu hana kaburi.

Tulikuwa tunakaa kijijini Zinga wakati ule. Baba alichukuliwa asubuhi, mimi nikiwa na miaka saba, Shomari hajatimiza siku arobaini tangu azaliwe. Askari wa Mwingereza walimfunga kamba pamoja na wenziwe ili wasikimbie, wakampa sanduku la risasi kichwani. Basi. Ndiyo mara ya mwisho. Vita vilipokwisha mama alituhamishia mjini, kwa kuwa alidhani kama baba akirudi atapitia hapa kwanza. Alipanga chumba, akawa anasuka mikeka na kungoja.

Mwaka wa ile homa kubwa iliyoua watu ovyo, mtu alianguka mlangoni kwetu. Mwanamume, mifupa mitupu, mabegani ana vidonda vya mizigo vilivyoanza kupona na vingine vilivyooza. Alikuwa anasema maneno ya bara ambayo hatukuyaelewa. Mama alimwingiza ndani. Majirani walipokuja kuuliza, mwanamke mgeni mjini, peke yake, na mwanamume amelala chumbani mwake, mama aliwaangalia akasema, "Ni mume wangu. Karudi."

Mimi nilikuwa na akili zangu. Nilifungua kinywa. Mama akanibana paja mpaka likafanya alama.

Yule mtu alikufa siku ya tatu. Akaoshwa, akasaliwa kwa jina la baba, akazikwa kwa jina la baba njiani kuelekea Kaole. Mama akamkalia eda. Miezi minne na siku kumi, kajifungia, nguo nyeupe, hakutoka, na kila siku alilia kilio cha kweli. Zamani nilidhani anaigiza. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa anamlilia baba. Hakuna aliyekuja kumwambia rasmi kwamba mumewe amekufa, serikali haikuleta hata kipande cha karatasi, kwa hiyo alichukua msiba uliomwangukia mlangoni akautumia.

Shomari alikulia juu ya kaburi lile. Kila Shaabani, kabla ya mfungo, analisafisha, analiwekea majani ya rihani, anasoma Yasini. Analipenda. Mama aliniusia kabla ya kufa kwamba nisimnyang'anye. Nikaahidi.

Leo asubuhi nimevunja ahadi.

Sikulala vizuri, na kulipokucha nilikuwa nimeshaamua, au hasira ndiyo iliyoamua kwa ajili yangu. Nilikwenda kwake. Mkewe akaniambia amekwenda makaburini, anataka amalize kusafisha kabla mvua haijazidi. Nikajifunika kanga nikamfuata huko huko. Njia ilikuwa tope tupu, kiatu kimoja kilibaki humo, nikaendelea na kimoja.

Alikuwa amechutama, anang'oa majani. Aliponiona alisimama akafuta mikono.

"Shikamoo dada."

Sikuitikia. Katika maisha yetu yote sijawahi kumwachia Shomari salamu yake hewani, hata tulipogombana juu ya ndoa yangu. Aliona. Uso wake ulibadilika, akadhani kuna msiba.

Nikamwambia. Sikumpangia maneno. Nilimwambia habari ya kamba, na sanduku, na mtu aliyeanguka mlangoni, na vidonda vya mabegani, na paja langu. Kwanza alicheka. Kisha akasema nimetumwa na Amuri. Nikafunua paja palepale, kule makaburini, Mungu anisamehe, nikamwonyesha alama ya kucha za mama, ambayo ipo mpaka leo. Alikuwa akiiona utotoni akaniuliza nimeipata wapi, nami nikawa namwambia ni mwiba.

Akakaa chini kwenye maji. Mvua ikamlowesha yeye na kofia yake. Nilimhurumia. Naandika kweli, nilimhurumia sana, nilitaka kumshika kichwa kama zamani. Hasira ilikuwa imeanza kunitoka.

Akauliza, "Basi huyu ni nani?"

Nikasema sijui. Nikasema huenda naye alikuwa mpagazi anarudi kwao, na huenda huko bara kuna mwanamke aliyekufa akimngoja, na wanawe hawana kaburi la kwenda kusafisha mwezi kama huu. Shomari akaliangalia kaburi. Akainua mkono, akalisawazisha lile fungu la rihani lililokuwa limelala upande.

Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Hilo ndilo lililonirudishia hasira yote na ya ziada. Baada ya miaka karibu arobaini ndugu yangu ameambiwa babake alipotelea porini kama mnyama, na swali lake la pili ni nani mwingine anajua.

Nikamwambia, mimi na Mungu.

Akasimama. Unaweza kumwona mtu anapovaa tena ukarani wake, ni kama anavaa koti. Akaniambia kwa upole, dada yangu, mambo haya tusiyaharibu. Mama alale kwa heshima. Shemeji Amuri atamwandika. Atasema barazani kwamba yeye ni mkwe wa mtaa, amechanganya damu, wazee watakubali kwa kuwa hata wao linawakera kumwacha. Mtu mmoja tu, haitakuwa taabu. "Wewe nyamaza kama ulivyonyamaza siku zote."

Na wale wengine wa bondeni? nikamuuliza. Na kaka yake Bi. Tausi?

"Dada, siwezi kuwabeba wote."

Sasa nifike mahali ambapo tangu mwanzo wa ukurasa huu nazunguka zunguka nisifike. Yote haya nimeyaandika kwa ukali kana kwamba mimi ni mtu safi. Si safi.

Nilikubali.

Sikuombwa mara mbili. Nilisema "Haya," nikaokota rihani zilizobaki nikamsaidia kuzipanga. Tulisoma Fatiha pamoja. Nilirudi njia ile ile nikakiokota kiatu changu, na nilikuwa na furaha! Nilipita soko la samaki nikanunua changu wawili wakubwa, nikawasalimia watu kwa sauti. Nilijiona hodari. Nilijiambia nimempata karani mzima kwa mkono mmoja, mume wangu ataandikwa, siri ya mama imehifadhika, nani kaumia? Nilipita mbele ya mlango wa Bi. Tausi akaniita, nikajifanya sikusikia kwa sababu ya mvua.

Amuri alirudi adhuhuri, tope mpaka magotini. Nilitaka nimwambie mimi, lakini Shomari alikuwa ameshampitia kisimani. Upesi ulioje! Amuri aliingia anacheka. Mume wangu si mtu wa kucheka, akifurahi sana hukuna sikio. Leo alicheka.

Akasema, "Mama Rukia, nduguyo muungwana. Nilimdhania vibaya, na nitamwomba radhi. Kasema kesho kamati ikikaa jina langu litasomwa."

Akaitoa kanzu yake ya Idi sandukuni akaomba niipige pasi. Nikaanza kupuliza mkaa. Akala samaki wale kwa hamu, na huku anakula ananipangia habari. Amekwisha kupita nyumba zote sita za wenziwe. Amewaambia waoge vizuri, wavae, kesho wamfuate barazani, maana mlango ukishafunguliwa kwa mmoja hauwezi kufungwa kwa mwingine. Mzee Namkaa, ambaye haoni vizuri na ana miaka sabini, ameuliza kama itamlazimu kujua kuandika jina lake, na Amuri amemwambia atamfundisha jioni hii, herufi zake si nyingi.

Nilikuwa nimeshika pasi. Nikaiweka chini.

Yuko huko sasa hivi. Nawasikia kutoka hapa, nyumba ya tano, wanacheka. Wanaandika kwa kijiti kwenye mchanga wa ukumbini. Mmoja anasema herufi yake inafanana na ndoano. Watu wazima sita, wenye wajukuu, wanajifunza kuandika majina ambayo kesho hayatasomwa. Na atakayesimama mbele yao, kaandikwa peke yake, na kanzu iliyopigwa pasi, ni mume wangu. Watamtazama. Watadhani aliwauza. Yeye hatajua ajibu nini, maana aliyewauza ni mimi, nami nitakuwa nyuma ya pazia nachemsha kahawa.

Hapo ndipo nilipovunja bakuli.

Namkasirikia Shomari, lakini si kwa kiasi nilichodhani. Ameambiwa leo, ana haki ya kupotewa na akili siku moja. Nawakasirikia wale wazee waliosifu, wote wana umri wa kukumbuka kamba zile, na wote walishangilia. Namkasirikia huyo bwana shauri na gari lake. Watu hao hao wa serikali yake waliomchukua baba bila ya kumwuliza kama ni mwenyeji au mgeni leo wanatutaka tuthibitishe nani ni wa hapa. Siku ya kubeba sanduku la risasi hawakuuliza kaburi la baba wa mtu liko wapi.

Na ninajikasirikia mwenyewe kwa lile "Haya." Limetoka kinywani mwangu jepesi kama kuitikia salamu.

Nimekuwa nikijiuliza mama angesema nini. Najua nikisema, watu watamsema. Nani asiyewajua watu wa mji huu? Watasahau homa, watasahau vidonda, watashika hilo moja tu, kwamba aliweka mwanamume asiye mumewe chumbani siku tatu akawadanganya mashehe wakamsalia kwa jina la mwingine. Watalitafuna mpaka Idi. Mabinti zangu watalisikia kisimani. Shomari hatapata ujumbe, na huenda hataniamkia tena mpaka siku nitakapokufa. Na Amuri jina lake wanaweza kulifuta tena kwa hasira. Nyumba hii inaweza kuvunjwa hata baada ya hayo yote. Hakuna mahali nilipoahidiwa kwamba nikisema kweli barabara itapindwa.

Lakini mama mwenyewe, alipomwona mtu kaanguka mlangoni, hakumuuliza wa wapi. Hakujua hata lugha yake. Alimwingiza, akamwosha, akampa jina la mumewe kwa kuwa hakuwa na jina jingine la kumpa. Miaka yote nimeliona jambo hili kama aibu ya kufichwa. Leo, mkono wangu ukiwa mweusi kwa mkaa, ndiyo mara ya kwanza naliona si aibu hata kidogo. Ni jambo kubwa kuliko yote niliyomwona akifanya, na mimi na Shomari, wanawe, tumelitumia kufungia watu mlango.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho sitaingia kwa Mzee Kombo kwa mlango wa uani. Nitapita mbele, nitapanda ngazi za baraza wanaume wakiwa wamekaa, na nitasema kabla Shomari hajafungua daftari lake. Amuri nitamwambia leo akirudi, kabla ya magharibi, yeye kwanza. Anaweza kunikasirikia, ana haki hiyo. Kanzu nitaipiga pasi vilevile.

Nimeyajaribu maneno mara tatu, peke yangu humu ukumbini. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilisahau kuwaamkia. Mara ya tatu yalitoka hivi, nami nayaandika yasije yakanipotea:

Shikamooni wazee wangu. Mimi ni Mwanahawa, dada yake karani wenu. Kaburi analolisafisha ni la mgeni, baba yetu hana kaburi. Basi futeni jina la Shomari, au mwandikeni kila anayeishi hapa.